Kilomita Saba kwa Lita Moja

Aliyenisukuma kuandika haya ni Wanjiru, yule wa mashine ya kusoma makosa ya magari. Alisema, "Fundi, wewe ukianza kuongea watu wanaweka spana chini. Andika, tutasoma saa ya chai." Basi haya ndiyo hayo, wenzangu wa gereji. Nimestaafu wiki tatu tu, kucha bado zina weusi, na mke wangu amenipiga marufuku kufungua boneti ya gari lolote ndani ya boma letu. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini. Niliingia nikiwa fundi nikatoka nikiwa fundi, na mshahara wangu ulikuwa siri kati yangu na mke wangu, zaidi yeye.

Kwa wale mlioajiriwa juzi, kazi yangu ilikuwa moja katika zote. Wengine walishughulika na gia, wengine na breki, wengine na rangi. Mimi nililetewa magari yenye kiu. Mtu akiingia langoni akilia, "Hii gari inakunywa mafuta," mlinzi hakumuuliza jina, alimnyoshea kidole tu kwenye kona yangu.

Nilifika Nyeri nikitoka upande wa Machakos na sweta moja, nikiamini sweta ni sweta. Asubuhi ya kwanza nilifungua bomba la gereji kunawa uso, na maji yakaniuma vidole mpaka nikaruka nyuma. Mwenye gereji, Bwana Kirpal, alikuwa amesimama mlangoni na kilemba chake na makoti mawili. Alizaliwa hapa hapa mjini, na Gikuyu alikijua kuliko wengi wa majirani zake. Aliniangalia kutoka juu hadi chini akasema, "Kijana wa Ukambani, hapa injini hazifi na joto. Hapa watu ndio wanakufa na baridi. Enda ununue sweta, halafu rudi tuanze kazi." Huo ndio uliokuwa usaili wangu.

Chombo cha kwanza alichonipa kilikuwa chupa. Chupa ya glasi ya nusu lita, iliyochorwa mistari kwa tupa, na mpira mwembamba uliotoka chini yake. Enzi hizo magari yalikuwa na kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa. Unaifunga chupa kwa waya kando ya boneti, unauchomeka mpira kwenye kabureta, unajaza petroli mpaka mstari wa juu, unaendesha mpaka gari likohoe na kuzima. Unasoma kilomita. Basi. Mwenye gari akibisha, unamwonyesha chupa tupu. Katika miaka yangu yote sijaona mtu aliyeshinda ubishi na chupa tupu.

Pikapu ya kwanza niliyopima peke yangu niliipeleka njia ya Karatina, na matokeo yalinitia wazimu wa furaha. Ilikwenda, ikaenda, ikaenda. Nilikuwa nikiimba. Nilirudi kwa Bwana Kirpal nikitembea kwa miguu, kwa sababu ilizima mbali na sikuwa nimebeba petroli ya kurudia, lakini hata kutembea nilitembea kwa maringo. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Barabara ya Karatina inateremka au inapanda?" Nikakiri kwamba inateremka. "Hapa kwetu hakuna tambarare," akasema. "Pima kwenda na pima kurudi, ama usipime kabisa." Yaandikeni hayo ukutani.

Kulikuwa na kesi ngumu na kesi za kijinga, na za kijinga ndizo zilikuwa nyingi. Daktari mmoja wa mifugo wa Mweiga alinisumbua miezi miwili. Kila nilichorekebisha, gari lake lilikunywa vile vile. Nilibadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikakagua breki, nikaanza kuota gari hilo usingizini. Siku moja nikafungua buti kutafuta jeki na kukuta magunia mawili ya viazi. Aliyaweka huko msimu wa mvua ili gari lisiteleze kwenye matope, mvua ikaisha, akayasahau. Viazi vilikuwa vimeota majani. Nilimwita aone, akavitazama kwa huzuni akasema, "Na mke wangu amekuwa akiniuliza mbegu iko wapi."

Kisha kompyuta zikaingia. Kabureta zikaondoka, magari yakaanza kujipulizia mafuta yenyewe kwa hesabu yake ya siri, na chupa ikatundikwa kwenye msumari. Bwana Kirpal alikuwa ameshatutoka. Binti yake aliyeshika gereji alimwajiri Wanjiru na mashine yake, na siku ya kwanza Wanjiru aliichomeka kwenye gari nililokuwa nalo kwa siku tatu, akasoma kwa dakika mbili, akasema ni sensa ya hewa, kile kidude kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. Ilikuwa sensa ya hewa. Nilimchukia mpaka saa nane, kisha akanigawia chapati yake na chuki ikaisha. Mimi nilibaki na njia ya tangi hadi tangi: unajaza pomoni, unaendesha, unarudi kujaza pampu ile ile, gari likielekea upande ule ule. Kituo chetu cha petroli kimejengwa kwenye mteremko, kama kila kitu Nyeri. Ukiegesha pua chini siku moja na pua juu siku ya pili, utadhani gari limenywa lita tatu ambazo halikuzigusa. Nilipiga alama za rangi pale sakafuni za kuweka magurudumu, na ninyi mnaozikanyaga kila siku sasa mnajua ni za nini.

Hayo yote nimeyasema ili mwelewe kesi yangu ya mwisho, iliyonijia nikiwa nimebakiza majuma matatu ya kazi, moyo ukiwa mwepesi na mifuko ya koti tayari imejaa vitu vya kwenda navyo nyumbani.

Aliingia langoni Mwalimu Nyawira. Ni mwalimu mkuu wa shule moja kupita Mweiga, na kabla ya ukuu alifundisha hesabu, na hata sasa akikutazama unahisi umesahau kunyoa. Alikuwa ndani ya SUV ndogo ya kifahari, rangi ya zambarau iliyoiva, viti vya ngozi, injini ya turbo iliyonguruma chini kwa chini hivi, ungedhani imezimwa. Aliiita Karembo. Sitaitaja kampuni iliyoiunda, maana mwisho wa hadithi mtaona gari halikuwa na hatia. Alishuka, akatoa daftari la mistari kwenye mkoba, akalifungua mbele yangu.

"Fundi, soma hapo."

Nikasoma. Kila siku ya shule, kilomita. Kila kujaza, lita. Mwandiko safi, mistari imepigwa kwa rula. Chini kabisa ameandika: kilomita saba kwa lita moja.

"Waliniuzia wakisema itafanya kumi na mbili," akasema. "Mimi sikuomba kumi na mbili. Niliomba kumi tu. Na sasa niko na shida."

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Mumewe, Afande Barasa, mzee wa Bungoma aliyestaafu polisi baada ya kuzungushwa miji yote ya Mlima Kenya, alilipinga gari hilo tangu siku ya kwanza. Alisema gari dogo la bei kubwa ni kama ng'ombe wa maonyesho, majani mengi na maziwa kidogo. Siku ya kuliombea gari, mbele ya shemeji wote waliotoka Bungoma na sahani za kuku mikononi, alitangaza kwamba kitu hicho kitawafilisi. Mwalimu akasimama mbele ya wageni hao hao akasema, "Likikosa kilomita kumi kwa lita hadi mwisho wa muhula, nitaliuza mimi mwenyewe." Wageni wakapiga makofi. Sasa muhula ulikuwa unaisha, na mnunuzi alikuwa ameshapatikana, Bwana Githinji wa Karatina, muuza mbegu.

"Si ukatae tu kuuza?" nikamuuliza. "Nani ataleta wale shemeji kukushtaki?"

"Fundi, miaka yote hii nimewaambia watoto hesabu haina huruma. Nianze kuihurumia mwenyewe?" Akafunga daftari. Kisha sauti ikashuka. "Mama yangu yuko Kianyaga. Miguu imekataa. Pikapu ni juu sana, hawezi kupanda. Gari ndogo ni chini sana, hawezi kuinuka. Hii inamfika kiunoni kabisa. Anageuka, anakaa, anaingiza miguu mwenyewe. Mwaka huu ameenda kanisa kila mwezi bila kubebwa na mtu. Nikiiuza, anarudi kitandani."

Nikamwambia aache funguo.

Nililikagua gari lile kama daktari anayemkagua mtoto wake. Tairi zilikuwa na upepo sawa. Magurudumu yalizunguka huru, breki haikushika. Plagi zilikuwa na ile rangi ya kahawia nzuri ambayo ningeweza kuichora kwa macho yaliyofungwa. Filta safi. Nikafungua buti nikitafuta viazi, hakuna. Wanjiru akachomeka mashine, akasubiri, akatikisa kichwa. "Hakuna kosa hata moja, Fundi. Hii gari ni mzima kutushinda."

Basi nikamwambia Mwalimu tufanye tangi hadi tangi. Jumapili baada ya ibada tulijaza kwenye alama zangu za rangi, tukashika njia ya Karatina, Sagana, Kutus mpaka Kianyaga, yeye akiendesha na mimi nikishika kalamu. Anaendesha vizuri, mguu mwepesi, hashindani na mtu. Mama yake alitungoja mlangoni na kofia ya kanisani. Tulimchukua akazunguke soko na kurudi, na kweli alifanya kama nilivyoambiwa: akageuka, akakaa, akaingiza miguu, akapangusa vumbi la kiatu kwa leso kabla hajafunga mlango. Aliniuliza, "Wewe ndiye daktari wa gari?" Nikamwambia ndimi. "Basi usiipe sindano nyingi," akasema.

Tulirudi Nyeri jioni, magurudumu juu ya alama zile zile, pampu ile ile. Kilomita mia moja hamsini na sita. Pampu ikakatika kwenye lita kumi na tatu. Mwalimu akafanya hesabu kichwani kabla sijafungua kifuniko cha kalamu. "Kumi na mbili kamili," akasema taratibu, kisha akaanza kucheka, akanishika mikono yote miwili pale kituoni akanizungusha. Mimi, mzee wa mgongo mgumu, nilicheza nikiwa na kalamu mdomoni. Mhudumu wa pampu alidhani tumeshinda bahati nasibu. Nilienda nyumbani nikijiona mfalme wa petroli.

Furaha hiyo iliishi siku nne. Alhamisi mchana Mwalimu alirudi na daftari, amekunja uso. Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kwenda shule na kurudi: kilomita saba kwa lita. "Na Baba Nekesa anasema nikuambie," akaongeza akitazama pembeni, maana ndivyo anavyomwita mumewe, "ati fundi amezeeka."

Hilo liliniuma, nakiri. Si kwa sababu ni uongo. Mwenye kusema hivyo mwenyewe alikuwa na miaka mitano zaidi yangu. Mnunuzi alikuwa anakuja Jumamosi saa tatu, na mimi sikuwa na jibu. Nilifikiria mafuta yanaibwa, lakini kifuniko kilikuwa na kufuli na hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Aliyeniokoa ni Wanjiru. Mwalimu alipokwenda dukani, Wanjiru aliniita kwenye dashibodi. "Fundi, wewe unaangalia lita tu. Angalia mwendo wa wastani." Akabonyeza kitufe. Kilomita kumi na nne kwa saa. Nikasema hiyo ni kasi ya mkokoteni. "Ndiyo," akasema. "Na huyu mama anafika shule kwa nusu saa. Kwenda na kurudi ni kilomita arobaini na mbili, saa moja ya kuendesha. Kwa wastani huu, injini inawaka saa tatu kwa siku. Saa mbili zingine nani anaiwasha, na inaenda wapi?"

Nilikaa kwenye ile ngozi laini nikazirudia hesabu zake. Gari haliendi popote. Kilomita hazikuongezeka hata moja. Linawashwa tu likiwa limesimama, na linalala wapi kila siku ikiwa si nyumbani kwake? Sikumwambia Mwalimu neno. Katika kazi yetu usimtaje mtu mpaka umemwona kwa macho yako.

Ijumaa alfajiri, saa kumi na mbili kasoro, nilikuwa mtaa wa Skuta, kwenye lango la nyumba yao, nimejifunika makoti mawili. Kulikuwa na ukungu. Mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba kwenye zizi, mashine ya kukata majani ya ng'ombe ikipiga kelele. Mbele, chini ya banda, Karembo alikuwa amesimama, moshi mweupe mwembamba ukimtoka nyuma. Nikasogea dirishani.

Afande Barasa alikuwa amelala chali kwenye kiti cha dereva. Amevaa kofia ya sufu. Kikombe cha chai juu ya dashibodi. Redio ilikuwa inatuma salamu kwa watu wa Kakamega na Kitale. Macho yamefumbwa, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sijawahi kuiona kwa polisi yeyote, awe kazini au amestaafu.

Nikagonga kioo. Aliruka, chai ikamwagika magotini.

"Fundi. Naipasha," akasema, akishusha kioo. "Asubuhi hii ni baridi."

"Tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

Nikaweka kiganja kwenye boneti na kukitoa haraka. Nikamtazama. Akatazama usukani.

"Si ni wewe mwenyewe ulitufundisha?" akaanza, akijitetea kama anavyojitetea mtu aliyezoea kushtaki. "Ulikuja pale kituo cha polisi, nikiwa bado kazini, ukaambia madereva wetu, pasheni injini kabla ya kutoka, na mkirudi muache turbo ipoe kabla ya kuzima. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Niliskia na hii maskio."

Na ilikuwa kweli. Nilisema. Niliwaambia madereva wa malori ya diseli, miaka hiyo, na niliwaambia wakiwa kwenye baridi ya Nyeri ambako kila mwanamume anayeheshimu gari lake bado analiwasha kisha anarudi ndani kunywa chai. Nusu ya mji huu inafanya hivyo hadi leo, na nusu ya hiyo nusu niliwafundisha mimi. "Afande, nilisema dakika tano," nikamwambia. "Na nilisema malori. Hii ya petroli ya siku hizi ukiwasha unaondoka, unaenda pole pole mpaka ipate joto. Wewe unaipasha muda gani?"

"Tangu saa kumi na moja na nusu."

"Na jioni?"

"Jioni naipoza. Mpaka habari ziishe."

"Afande."

Redio ikamsalimu mtu wa Mumias. Kisha akazungumza bila kunitazama. "Ni mgongo, fundi. Nimesimama kwa vizuizi vya barabara ya Nanyuki miaka mingapi, upepo wa mlima unaingia hapa chini ya koti. Nimeenda hospitali, nimepakwa dawa, nimekandwa. Halafu siku moja nikitafuta redio nikabonyeza hiki kitufe." Akanionyesha kitufe chenye picha ya kiti na vimoshi vitatu. "Kiti kikaanza kupata moto. Pole pole. Kikashika pale pale panaponiuma, utadhani kimeambiwa. Fundi, nililia. Nakuambia ukweli, mimi mzee mzima nililia ndani ya gari ya mke wangu."

"Si ungewasha kiti bila injini?"

"Nilijaribu. Betri ikakufa, Mwalimu akachelewa mtihani. Aliongea wiki nzima."

"Na ukamwambia gari inakunywa."

"Sikujua ikisimama inakula. Nilidhani ni kidogo tu, kama taa. Nilikuja kujua juzi, ulipopata kumi na mbili." Akapangusa chai kwenye suruali. "Sasa nitageuka aje? Nilisema mbele ya ndugu zangu wote."

Nilitamani kucheka na nilitamani kumkaba, vyote kwa pamoja. Mtu huyu ndiye aliyekuwa akipiga kelele gari liuzwe, na hakuna mtu duniani aliyelihitaji kumshinda, labda yule bibi wa Kianyaga. "Mwambie mkeo," nikasema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho."

"Kesho mnunuzi anakuja."

"Ndiyo nikasema kesho," akajibu kwa unyonge.

Nikamwambia akinyamaza, nitasema mimi, na nikaondoka kabla mashine ya majani haijazimwa. Siku hiyo sikufanya kazi ya maana. Niliogopa kwamba atanyamaza, na niliogopa zaidi kwamba nitalazimika kumvua nguo mzee mwenzangu mbele ya mkewe.

Jumamosi saa tatu kasoro nilifika na kadi ya kazi mkononi, kisingizio changu. Bwana Githinji wa Karatina alikuwa ameshafika, mtu mpana na mpole, anazunguka gari na kupapasa rangi. Mwalimu alikuwa ameliosha kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa ameondoa mto wa mama yake kwenye kiti cha mbele na kuukumbatia kifuani, na macho yake yalikuwa mekundu. Daftari lilikuwa mezani, funguo juu yake. Afande Barasa alisimama kando ya banda.

"Inakunywa aje?" Bwana Githinji akauliza.

"Kilomita saba kwa lita," akasema Mwalimu. "Sitakudanganya."

Nilimtazama Afande. Nikahesabu moyoni mpaka kumi. Nikafungua mdomo. Hapo ndipo akapiga hatua mbili mbele, akabana visigino, akanyosha mikono kandokando, na kuongea kwa sauti ile ya polisi akiwa mbele ya hakimu.

"Mimi, mume wa mwenye gari, ninakumbuka kwamba katika muhula huu wote nimekuwa nikiwasha injini ya gari hili kuanzia saa kumi na moja na nusu asubuhi hadi saa moja kasorobo, na tena jioni hadi mwisho wa taarifa ya habari. Nilikuwa peke yangu. Gari lilikuwa limesimama. Kiti kilikuwa kimewashwa. Mafuta yote yaliyokosekana yalipasha mgongo wangu. Gari halina kosa. Fundi hana kosa. Ni hayo tu."

Bwana Githinji alinitazama kama anayetaka kuuliza iwapo ni lazima aandike mahali. Mwalimu aliuweka mto chini. Akachukua daftari, akachomoa kalamu kwenye nywele, akaandika, akapiga mstari, akaandika tena. Kalamu ikasimama.

"Kwa hivyo, Baba Nekesa, tukitoa mgongo wako, ni kumi na mbili."

"Ni kumi na mbili."

"Nimeshinda."

"Umeshinda. Nitapigia ndugu zangu mmoja mmoja."

Mwalimu alijaribu kukasirika. Nilimwona akijaribu, alikunja midomo, akainua kidole cha mwalimu mkuu. Kisha kidole kikaanza kutetemeka, mabega yakafuata, akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo ya kuoshea gari iliyogeuzwa. "Na mimi," akasema akipangusa machozi, "mimi sijawahi kubonyeza hicho kitufe hata siku moja. Nilikuwa naokoa mafuta." Akacheka upya. Asubuhi zote hizo za ukungu wa Mweiga aliendesha akitetemeka, ili daftari lipate nafuu.

Akasimama. Akafungua mlango wa abiria, akaingia, akafunga mkanda kana kwamba anasafiri. "Washa," akamwambia mumewe. "Nataka kujua ni kitu gani nimekuwa nikilipia."

Afande akaingia, akawasha. Mwalimu akabonyeza kitufe. Bwana Githinji, aliyetoka Karatina kununua gari, alisimama nje na mikono mfukoni mpaka Mwalimu akashusha kioo. "Ingieni, kuna baridi. Viti vya nyuma pia viko na moto." Akaingia. Nami nikaingia, nikabana mlango, na ngozi ikaanza kupata joto chini yangu, taratibu, ikipanda kiunoni mpaka pale ambapo miaka ya kuinama chini ya boneti iliacha alama yake. Nilitaka kusema kitu cha kifundi. Nilisema tu, "Yesu wangu."

Kwa mazoea nikainama mbele, nikaurudisha mwanzo mpimo wa dashibodi. Tulikaa humo dakika ishirini, wazee wanne, chini ya banda la Skuta, hatuendi popote. Bwana Githinji alisinzia. Mwalimu alimshika mumewe mkono. Kioo cha dashibodi kilionyesha kilomita sifuri kwa lita. Katika miaka yote ya kupima, hayo ndiyo matokeo mabaya kuliko yote niliyowahi kuyapata, nami niliyaandika kwenye kadi, nikatia sahihi, na ndiyo kazi niliyostaafu nayo.